Kusoma Taaluma za Jinsia Chuo Kikuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Vijana na Wazazi wa Mtwara na Lindi

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, simu yangu huanza kulia. Wengine ni vijana wa Masasi, Tandahimba na Nachingwea. Wengine ni wazazi wao, wanaotaka kujua mtoto anakwenda kusomea kitu gani ambacho hata jina lake hawajalizoea. Nilisoma kozi hii, nikarudi Kusini kufanya kazi, na haya ndiyo majibu ninayowapa. Ya msingi yako mwanzo, yenye utata yako mbele.

## Taaluma yenyewe

Jinsia ni nini, na ina tofauti gani na jinsi?

Jinsi ni maumbile: mtu kuzaliwa wa kike au wa kiume. Jinsia ni yale ambayo jamii imeyapanga juu ya maumbile hayo: nani achote maji, nani asimame kuongea barazani, nani ashike fedha za mauzo, nani aombe ruhusa kabla ya kusafiri. Ukitoka Newala kwenda Bukoba jinsi yako haibadiliki hata kidogo, lakini jinsia utaikuta imepangwa vingine. Kwetu, kwa mila ya zamani, mwanamume akioa anahamia kwa wakwe. Kule mke ndiye anayefunga mizigo.

Mtaani maneno haya mawili hutumika kama moja, na hata fomu nyingi za ofisini huandika "Jinsia: Me/Ke" mahali palipotakiwa neno jinsi. Usigombane na karani. Darasani, hata hivyo, tofauti hii itakusindikiza kuanzia wiki ya kwanza hadi mtihani wa mwisho, kwa hiyo ishike mapema.

Kwa nini inaitwa kozi ya fani nyingi?

Kwa sababu swali la jinsia halijibiki na fani moja. Chukua gunia moja la korosho ghafi lililosimama kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika huko Tandahimba. Mwanauchumi ataliuliza bei ya mnada na makato yake. Mwanahistoria atauliza mkorosho, mti ulioletwa na Wareno kutoka Brazili, uligeukaje kuwa mali ambayo baba anataka kumwachia mwanawe badala ya mpwa wake. Mwanasheria atataka kujua shamba ni la nani. Mtu wa afya atauliza nani alipuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, na nguo zilizojaa salfa zilifuliwa na nani. Mwanasosholojia atauliza nani alipalilia, nani aliokota, nani alianika, na jina la nani limeandikwa kwenye daftari la chama.

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze Mtwara msimu wa 2007/08, korosho hupita kwenye chama cha msingi, na malipo humfuata yule aliyeandikishwa kuwa mkulima. Mke anaweza kuwa ameokota nusu ya gunia lile, na sheria ikamtambua kuwa ana haki katika shamba, lakini fedha zikaingia kwenye akaunti ambayo hajui hata namba yake. Ukisoma sheria peke yake utasema mambo ni shwari. Ukisoma uchumi peke yake utasema mkulima amelipwa. Kozi ya jinsia inakutaka uyashike yote mawili kwa pamoja na ukae nayo hadi uone yanapogongana. Sijaona fani nyingine inayomlazimisha mwanafunzi kufanya hivyo kila wiki, na ndiyo sababu naipenda.

Je, ni kozi ya wanawake tu?

Hapana. Inahusu pia wanaume: jando linamfundisha kijana nini kuhusu uanaume, kwa nini wanaume wanachelewa kwenda hospitali, kijana asiye na mahari anaonwaje na wenzake. Wavulana hudahiliwa kama wasichana. Kama wewe ni mvulana na unaogopa kuchekwa, angalia swali lako kwenye sehemu ya mwisho.

Si taaluma ya kigeni hii?

Kama programu ya chuo kikuu, ya kwanza kabisa ilianzishwa Marekani, San Diego, mwaka 1970. Lakini haikutusubiri tuletewe. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianzisha idara yake mwaka 1991. Hapa Tanzania, wanahabari wanawake waliunda chama chao, TAMWA, mwaka 1987, na Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ulianzishwa mwaka 1993. Mkutano mkubwa wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995 ulikuwa na Mtanzania, Gertrude Mongella, kama Katibu Mkuu wake.

Zaidi ya hapo, Waafrika wamebishana na nadharia za Ulaya tangu zamani, na ubishi huo ni sehemu ya masomo. Msomi wa Nigeria, Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, aliandika mwaka 1997 kwamba kwa Wayoruba umri ulimpa mtu nafasi yake kuliko jinsi, na akaonyesha kuwa lugha yao haitofautishi kiwakilishi cha mwanamke na cha mwanamume. Nilipolisoma hilo nilisimama kidogo. Kiswahili nacho kinasema "yeye" kwa wote, na shikamoo hutolewa kwa mkubwa, awe baba au mama. Je, ina maana jamii zetu hazikutofautisha? Nilibishana na wenzangu juu ya swali hilo kwenye vimbwete, meza za zege za chuoni, mpaka mbu wakatufukuza. Hatukukubaliana, na mwalimu akatupa wote alama nzuri kwa sababu kila mmoja alikuja na ushahidi wa kwao.

## Kujiunga

Nahitaji tahasusi gani?

Tahasusi za sanaa na za biashara ndizo za kawaida: HGL, HKL, HGK, HGE na ndugu zake (kila herufi ni somo, H ikiwa historia). Vyuo vingi hupokea hata waliosoma sayansi. Kigezo cha jumla cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa waliomaliza kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Yaani D mbili zinakufikisha mlangoni, ingawa chuo kinaweza kuweka masharti yake juu ya hapo. Mwenye stashahada anatakiwa awe na GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0. Mwongozo wa udahili hutolewa na TCU kila mwaka. Usome wa mwaka wako, wala usitegemee alioutumia kaka yako.

Inafundishwa wapi? Ipo Mtwara au Lindi?

Kwa shahada ya kwanza yenye neno jinsia kwenye jina lake, wengi wetu huelekea Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kivukoni, Dar es Salaam, au Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, Arusha, ambako jinsia inafundishwa pamoja na maendeleo ya jamii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Taaluma za Jinsia. Wapo pia wanaosoma sosholojia au maendeleo ya jamii na kuchagua masomo ya jinsia ndani yake. Cheti kitasomeka sosholojia, lakini maarifa utakuwa umeyapata.

Shahada yenyewe utaifuata nje ya mikoa yetu. Ila kuna njia za kuanzia karibu. Chuo cha maendeleo ya jamii Mlale kiko mkoani Ruvuma, na kwa mtu wa Masasi au Tunduru hapo ni jirani kuliko Dar. Chuo Kikuu Huria nacho kina vituo Mtwara na Lindi, na ni msaada mkubwa kwa walioko kazini.

Nilipata ujauzito nikaacha shule. Mlango umefungwa?

Haujafungwa. Novemba 2021 serikali iliondoa zuio, na wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Aliyekwisha kuwa mkubwa anaweza kusoma sekondari kwa njia mbadala kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, au kuanzia katika vyuo vya maendeleo ya wananchi kama vya Masasi na Mtawanya.

Mdogo wangu, nikuambie kitu. Katika darasa letu aliyeandika insha bora kuhusu elimu ya mtoto wa kike ni mwenzetu aliyekaa nyumbani miaka mitatu akilea. Alijua saa ngapi mtoto analala, na kwamba saa hiyo moja ndiyo shule yake. Sisi wengine tulikuwa tunaandika tuliyoyasikia.

Mkopo unapatikana?

Wanafunzi wa shahada ya kwanza huomba kwa Bodi ya Mikopo, HESLB, kwa mtandao, na hupangiwa kwa kuangalia uhitaji na vipaumbele vya mwaka husika. Hutapata kwa sababu tu umechagua kozi hii, na hutanyimwa kwa sababu hiyo peke yake. Kinachowaangusha watu wa huku ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kama umefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho. Kama kaya yenu iko TASAF, mpango wa kusaidia kaya maskini, hakikisha taarifa hiyo inaonekana. Anza kuvitafuta ukiwa kidato cha tano. Kila mwaka nawaona vijana wakihangaika mwezi wa saba na cheti ambacho jina la mama limeandikwa tofauti na la shuleni.

## Ndani ya darasa

Tunasoma nini hasa?

Mwaka wa kwanza ni msingi: dhana za jinsia, historia ya Afrika, sosholojia, uchumi wa maendeleo, stadi za mawasiliano. Mwaka wa pili unaingia kwenye nadharia, sheria, afya ya uzazi, jinsia na kilimo, bajeti inayozingatia jinsia, na mbinu za utafiti. Mwaka wa tatu ni utafiti wako mwenyewe na masomo ya kuchagua. Majina hutofautiana chuo hadi chuo.

Upande wa sheria usiupuuze, hata kama hutaki kuwa wakili. Utakutana na Katiba ya 1977, Sheria ya Ndoa ya 1971, sheria mbili za ardhi za 1999, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, na Itifaki ya Maputo ya 2003 kuhusu haki za wanawake wa Afrika. Utasoma kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Utasoma kesi ya Rebeca Gyumi kuhusu umri wa msichana kuolewa, ambayo Rebeca alishinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha ushindi huo mwaka 2019. Ukishazisoma, hutaisikiliza tena redio ya mchana kama ulivyoisikiliza zamani.

Kuna hesabu? Mimi nilizikimbia.

Zipo, na hizo ndizo zinazowaangusha wengi. Ni takwimu, si aljebra ya kidato cha pili: wastani, asilimia, kuchagua sampuli, kusoma majedwali, kutumia programu ya kompyuta kuchambua dodoso. Usizikimbie mara ya pili. Kwenye kazi nitakazozitaja chini, anayejua kusoma jedwali huitwa kabla ya anayejua kuongea.

Lakini utajifunza pia kuitilia shaka namba. Mama yangu alibangua korosho nyumbani karibu maisha yake yote. Alikuwa anakaa kwenye kibao, anapaka majivu mikononi kwa sababu mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, halafu anagonga moja moja kwa kijiti kizito juu ya jiwe. Jioni ncha za vidole zilikuwa nyeusi na zimechubuka. Siku moja walipita watu wa dodoso wakamuuliza kazi yake. Akajibu, "Sina kazi, nipo tu nyumbani." Wakaandika hivyo. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Miaka mingi baadaye, kwenye somo la mbinu za utafiti, mwalimu alieleza kwamba swali "Unafanya kazi gani?" na swali "Jana, tangu ulipoamka, ulifanya nini?" huleta takwimu mbili tofauti za nchi moja. Nilijua anamsema mama.

Kiingereza changu si kizuri. Nitaweza?

Masomo yanafundishwa kwa Kiingereza na vitabu vingi ni vya Kiingereza, kwa hiyo mwaka wa kwanza utakuwa na jasho. Soma kila siku kurasa chache, ukiwa na daftari la maneno. Faida uliyo nayo ni kwamba utafiti utaufanya kwa Kiswahili, na bibi za vijijini wataongea nawe kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua. Anayeielewa lugha ya mhojiwa hana haja ya mkalimani, na mkalimani mara nyingi huacha nusu ya maneno njiani.

Naweza kuja kufanya utafiti wangu nyumbani?

Unaweza, na ningependa wengi mfanye hivyo. Utaratibu ni barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, kisha kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Hata kama ni kijiji ulichozaliwa, usiruke ngazi.

Mada hazikauki. Msimbati na Kilwa kuna wanawake wanaochokoa pweza kwa miguu maji yakitoka, na wanaume wanaovua kwa vyombo. Eneo la bahari likifungwa ili pweza wakue, ni nani anayebaki bila kitoweo miezi hiyo? Likong'o, Lindi, watu wamepisha mradi wa gesi. Fidia ya shamba la familia iliingia mkononi mwa nani? Mikopo ya halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika kikundi cha watu watano, nani hasa ndiye anayeutumia mkopo? Kila moja kati ya hizo ni tasnifu.

## Nyumbani, mila na dini

Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Wanawake wetu si tayari wana nguvu?

Hili naulizwa na wazee, na wanauliza kwa fahari. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kuukeni, yaani kwa upande wa mama, na hilo si jambo dogo. Binti anayejua kwamba akiachika ana kwao pa kurudi na ardhi ya kulima hazungumzi na mumewe kama binti asiye na pa kurudi. Mwanafunzi wa kwetu akikaa darasani na wenzake waliolelewa kwenye ukoo wa baba, ana la kuwafundisha.

Lakini ukoo kupitia kwa mama si sawa na mama kuwa na kauli. Aliyekuwa na kauli mara nyingi ni mjomba. Mjomba ndiye aliyekaa kwenye shauri la ndoa, mjomba ndiye aliyeulizwa kuhusu ardhi. Na mambo yamechanganyika sana tangu hapo: mikorosho ambayo baba ameipanda kwa jasho lake anataka iende kwa wanawe, dini zimekuja na kanuni zake za mirathi, vijiji vya ujamaa vilihamisha watu kutoka kwenye ardhi za koo.

Jirani yetu alifiwa na mumewe. Marehemu alikuwa amefyeka pori mwenyewe, wakapanda mikorosho pamoja, wakaitunza kwa miaka 20. Arobaini haijafika, wakaja wapwa wa marehemu, watoto wa dada yake, wakasema kwa mila shamba la mjomba ni lao. Ukisoma vitabu vingi vya huko kwingine, mjane ananyang'anywa na kaka za mume. Kwetu alikuwa ananyang'anywa na watu waliofuata ukoo wa mama barabara, bila kukosea mila hata moja. Shauri lilifika kwenye baraza la ardhi la kijiji, ambalo kwa sheria lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Mmoja wa wanawake hao aliuliza swali moja tu: "Mbegu za mikorosho hii alizifukia nani?" Mjane alibaki na sehemu kubwa ya shamba.

Ongeza na hili: sheria za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilitokana na makabila ya ukoo wa baba. Kwa hiyo mtu wa Newala akifika mahakamani na mila yake, anaifikisha katika nchi ambayo kitabu cha mila kiliandikwa kwa mila ya wengine. Yote haya hayafahamiki kwa kujisifu tu kwamba sisi ni wa kuukeni. Yanahitaji kusomwa.

Niliingia unyago, mafunzo ya jadi ya wasichana. Ninaweza kuandika niliyoyaona?

Nilikuwa na hamu hiyo hiyo. Mwaka wa tatu nilimwendea bibi yangu, ambaye alikuwa akiitwa na nyakanga, mkuu wa mafunzo, kusaidia kila wali, yaani wasichana waliofundwa, walipotolewa, nikamwambia nataka kuziandika nyimbo. Alikuwa anapeta mbaazi. Hakuacha kupeta. Akasema, "Nyimbo zile hukupewa ukiwa mwanachuo. Ulipewa ukiwa mwali."

Sikuziandika. Nilibadili mada nikaandika kuhusu gharama: familia inatumia nini, nani anachanga, sherehe inapangwaje kufuata fedha za korosho na likizo za shule. Msimamizi wangu aliridhika, na bibi akanisaidia kuhesabu vitenge.

Jibu langu kwako, basi, ni hili: uliyopewa kwa siri si mali yako peke yako, na idhini ya mtu mmoja haitoshi kuyatoa. Unaweza kuandika kuhusu unyago bila kuufunua. Na pale unapoona jambo linalomdhuru mtoto, kwa mfano binti kuingizwa mdogo mno au kuachishwa shule baada ya kutoka, hapo usinyamaze kwa jina la siri. Zungumza na makungwi, wanaowafunda wali, wenyewe kwanza. Wengi wana watoto shuleni pia, na nimeona wakikubali kupunguza siku ili shule isikosekane.

Mzazi wangu anasema kozi hii inafundisha wasichana kukataa ndoa na kubishana na wanaume.

Usimjibu kwa nadharia. Mwonyeshe masomo yenyewe, orodha ya vipindi, na kazi wanazofanya waliomaliza. Baba yangu alitulia siku nilipomsomea barua ya madai ya mazao aliyokuwa ameshindwa kuielewa. Wanafunzi wenzangu wengi wameolewa na wameoa. Kubishana tulifundishwa, ni kweli, ila kwa ushahidi, na adabu ya nyumbani hakuna aliyetuambia tuiache.

Na dini?

Darasani kwetu kulikuwa na wenye hijabu na wenye rozari. Mirathi ya Kiislamu inafundishwa kama mfumo wa sheria unaotumika nchini, na wanafunzi Waislamu mara nyingi ndio walioieleza vizuri kuliko kitabu. Hakuna mtihani unaokutaka ukane imani yako. Unatakiwa uweze kueleza kwa haki hoja usiyoikubali.

## Kazi

Nikimaliza nitafanya kazi gani?

Iliyo wazi zaidi ni afisa maendeleo ya jamii, katika kata au halmashauri. Nyingine ziko kwenye mashirika yanayoshughulika na ukatili, afya ya uzazi, kilimo na uvuvi, kwenye vyama vya ushirika, kwenye redio, kwenye utafiti. Miradi mikubwa ya gesi na madini kwa sheria hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na humo huhitajika mtu anayejua kukaa na wanawake wa kijiji na kutoka na taarifa inayosomeka. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ni kazi ya polisi, hivyo lazima upitie mafunzo ya jeshi hilo kwanza.

Kuna ajira kweli?

Sitakudanganya. Nafasi za serikali ni chache kuliko wahitimu, na wapo niliosoma nao waliokaa miaka miwili mitatu wakisubiri. Kabla ya kuchagua chuo, soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira uone shahada zinazotajwa kwa nafasi unayoitamani, kwa maana jina la shahada lisipolingana na tangazo, mfumo unaweza kukuweka kando kabla hujaonekana na mtu.

Waliofika mapema walikuwa na kitu cha pili mkononi: takwimu, uhasibu mdogo, kuandika ripoti, kupiga picha, kuendesha pikipiki. Hilo la mwisho si utani. Afisa wa kata mwanamke anayeweza kujiendesha mwenyewe hadi kijiji cha mwisho cha Nanyumbu haombi msaada kwa mtu ambaye kesho anatakiwa kumhoji. Tumia likizo zako kujifunza kitu kimoja cha namna hiyo.

Shahada ya pili niendelee moja kwa moja?

Fanya kazi kwanza, hata ya kujitolea, mwaka mmoja au miwili. Utarudi ukiwa na swali lako.

## Maswali ya pembeni

Mimi ni mvulana. Nitachekwa?

Mwanzoni, ndiyo. Wenzako wa kozi nyingine watakuita majina. Baada ya muda wataacha. Kijijini, nilichokiona ni kwamba mwanamume akizungumza na wanaume wenzake kuhusu kugawana fedha za korosho, husikilizwa mahali ambapo mimi ningekatizwa. Hilo lenyewe ni tatizo la kijinsia, na utalisoma, lakini kwa sasa kazi inakuhitaji.

Mhadhiri akinitaka kimapenzi ili anipe alama, nifanye nini?

Hiyo inaitwa rushwa ya ngono, na ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Inatokea katika kozi yoyote, na mimi mwenyewe iliwahi kunifika. Tunza ujumbe wote wa simu, usifute hata mmoja. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo, ili awepo shahidi wa tarehe. Nenda kwenye dawati la jinsia la chuo kama lipo, au piga simu TAKUKURU namba 113, bure. Usiende peke yako kwenye ofisi wala nyumba unayoitiwa, hata ukiambiwa matokeo yako yamepotea. Na ukipewa supu, yaani mtihani wa marudio, kwa hila, una haki ya kuomba mtihani wako usahihishwe upya na mtu mwingine.

Nimeanza kozi, naona si yangu. Naweza kuhama?

Unaweza, ila dirisha la kuhama kozi hufunguka muda mfupi mwanzoni mwa mwaka wa kwanza na lina tarehe ya mwisho. Nenda kwa afisa udahili mapema, na uulize mkopo wako utahamaje. Kama kinachokusumbua ni takwimu tu, usihame bado. Rudi usome jibu la hesabu, tafuta kikundi cha diskasheni, ujipe semista moja.

Nina miaka 46, nina watoto wanne, nauza pweza Mikindani. Nimechelewa?

Dada yangu, hujachelewa. Ukiwa na cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, unaweza kuanza na astashahada, kisha stashahada, kisha shahada. Kama uliishia kidato cha sita na pointi hazikutosha, ulizia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Upo pia utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, nao una mtihani wake.

Nenda kituo cha Mtwara asubuhi, siku ambayo maji ya bahari hayatoki sana na huna pweza wa kuwahi. Chukua vyeti halisi na nakala zake. Na daftari lako la wadeni wa pweza usilitupe. Ukifika kwenye somo la utafiti, hilo ni data ya miaka mingi ambayo hakuna mwenzako darasani atakayekuwa nayo.